Majembe ya Mbuba

Lori la Fuso lilimpotea kachero Matiasi kwenye kona ya tatu baada ya Nyakisasa.

Alikuwa mita mia tatu nyuma yake. Alipomaliza kona, barabara ilikuwa tupu. Alisimamisha Yamaha, akatukana, akachomoa redio ya Motorola.

"Kifaru kwa Boma. Nimelipoteza."

"Litafute," akajibu mkuu wake, Mzee Pancras, kutoka Biharamulo. "Zile SMG zikiingia kambini, hakuna wa kuzitoa."

Fuso lilibeba bunduki ishirini za SMG. Mwenye mzigo alikuwa Derick, mgeni kutoka nje ya nchi aliyenunua kahawa Ngara kwa bei nzuri kupita kiasi. Vijana wa kambi ya wakimbizi aliwaahidi vilima vya Keza na Mbuba: bunduki leo, mashamba kesho. Yeye angebaki na njia ya magendo.

Aliyetoboa siri alikuwa Niragira, mwalimu mkimbizi aliyefundisha historia kambini chini ya turubai. Wiki iliyopita Matiasi alijifanya mkaguzi wa elimu, akakaa nyuma darasani. Somo lilikuwa Wamarekani na Waingereza. Niragira alieleza jinsi Waingereza walivyozuia meli za Wamarekani na kuwachukua mabaharia kwa nguvu, na jinsi walivyowapa bunduki wenyeji wa mipakani, ambao Wamarekani walikuwa wakiwapora ardhi. Watu wakapigana. Kisha wakubwa wakasaini amani.

"Na wale wenyeji, mwalimu?" mwanafunzi mmoja aliuliza.

"Waliahidiwa kurudishiwa ardhi. Hawakurudishiwa."

Akafuta ubao. Baada ya kipindi akamweleza Matiasi yote, akataja anachotaka: karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini na kuishi Biharamulo. Vijana wale wakimjua, alisema, hamalizi siku mbili.

"Utaipata," Matiasi alimwahidi. Aliyaamini maneno yake mwenyewe, mjinga yule.

Sasa alipanda Yamaha hadi Mbuba. Hapo akakutana na msiba.

Pikapu ya Toyota ilitambaa ikiwa na jeneza jeusi. Wanawake sita walitembea nyuma wakiimba. Mbele aliketi Derick, suti nyeusi, rozari mkononi. Polisi wawili kizuizini walikwishavua kofia, na mmoja akaanza kuinua gogo awapishe.

Matiasi naye alivua kofia. Nani anapekua jeneza?

Halafu akasikia majembe.

Juu ya barabara, mama wa makamo aitwaye Ildefonsa na majirani zake walikuwa wakilima maharage bila haraka.

"Shikamoo, mama. Nani amefariki?"

"Marahaba. Hata sisi tunashangaa. Wanasema wametoka kwa jirani hapo, lakini huko hakuna aliyekufa." Akamtazama kama mtoto asiyefundishwa. "Kungekuwa na maiti hapa, mwanangu, ungenikuta na jembe?"

Huku hakuna anayelima mpaka maiti azikwe. Derick alinunua jeneza la kufichia mzigo wa Fuso, akanunua na waombolezaji kambini. Majembe hakuyaulizia.

Matiasi alishuka mteremko kwa gia ya tatu na kuizibia Toyota njia.

Dereva alipeleka mkono kwenye koti. Bastola ya Matiasi, Browning, ililia mara moja. Dereva akashika bega lake, Toyota ikaingia mtaroni, jeneza likaanguka na kupasuka.

SMG zikamwagika barabarani.

"Boma, mzigo ninao. Na mwenyewe pia."

"Safi. Mlete shahidi amtambue hapo hapo."

Niragira aliletwa. Mbele ya polisi, wakulima na wale waombolezaji wa kambini, alimnyooshea kidole Derick. Saa moja baadaye redio ikaita.

"Kifaru, Derick anarudishwa kwao. Wakubwa wamekubaliana. Kahawa itaendelea kununuliwa."

"Na karatasi ya mwalimu?"

"Haimo kwenye makubaliano. Mrudishe kambini."

"Watamuua, mzee."

"Mrudishe. Mwisho."

Matiasi angeweza kuizima ile redio. Angeweza kumpakia Niragira kwenye Yamaha na kupotea naye.

"Nimepokea," akasema.

Niragira alikuwa amesikia kila neno.

"Siku ile ulikaa nyuma darasani," alimwambia. "Ukanisifu kwamba somo lilikuwa zuri."

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Matiasi alipita tena Mbuba akirudi Biharamulo. Jua zuri, udongo laini wa mvua. Katika vilima vyote hapakuwa na mtu shambani. Majembe yalilala kwenye matuta.

Alizima injini.

Ildefonsa alikuwa ameketi mlangoni kwake, kanga imefungwa kiunoni.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia.

"Mwalimu yuko ndani," alisema baadaye, akiangalia barabara. "Tulikwenda kuuomba mwili wake kambini. Tunamzika hapa, kwenye shamba alilotuokolea."

Niragira amepata kipande chake cha ardhi. Kwa hicho hawakumdai karatasi.

Matiasi alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akawasha Yamaha, akaenda zake bila kugeuka. Nyuma yake wanaume wawili walikuwa wakichimba kaburi.