Umeshindaje, Bingwa?

"Vidole vingapi?" nilimuuliza.

Tae-sik alikuwa amekaa kwenye ngazi za chumba cha chini, jasho la mazoezi bado linamtiririka. Nilikuwa nimemziba jicho la kulia kwa kiganja changu. Akatulia kidogo, kama mtu anayehesabu kweli.

"Viwili."

Sikuwa nimeinua hata kimoja. Mkono wangu mwingine ulikuwa umelala pajani. Nikamwachia jicho, akauona ulipo.

Sasa ninyi mnaonisoma, jueni huyo alikuwa nani. Nam Tae-sik, bingwa wa dunia wa uzito wa unyoya, mtoto wa mshona viatu wa Busan. Mapambano thelathini na moja, hajashindwa hata moja. Kwao Korea, akitetea mkanda, watu walikuwa wanafunga maduka. Halafu mwaka wa tisini na saba pesa yao ikaporomoka, mapromota wakafilisika, na meneja wake, Bwana Pyo, akamleta Rockville, kando ya D.C., kujaribu bahati ya Amerika. Mimi Wamaitha, mtoto wa Nyeri, nilikuwa nafanya kazi mle mle alimokaa, nyumbani kwa Pyo, nikimwogesha na kumlisha mama yake mzee.

Kiingereza chake na changu vyote vilikuwa vya kuazima, basi nikamfundisha Kiswahili. Jioni ya kwanza nilimsalimia, "Umeshindaje?" Akadhani namuuliza alivyoshinda ulingoni. Akakunja ngumi akasema, "Kwa nokauti, raundi ya nne." Nilicheka nikamwaga uji wa yule bibi. Nikamweleza kwamba kwetu mtu hushinda mchezo, na pia hushinda mahali, maana yake siku imempita akiwa hapo. Hakuelewa, au alijifanya. Kila jioni nikimuuliza ananijibu nokauti, na mimi, mjinga wa mapenzi, naisubiri hiyo nokauti tangu asubuhi.

Siku ya vidole ilikuwa Jumatano. Pambano lilikuwa Jumamosi, mjini D.C. Akakiri kwamba jicho la kushoto lilianza kuingia giza tangu Machi. Alipopimwa alisoma herufi za ukutani kwa jicho zima, akazikariri, akazirudia kwa lile bovu.

"Usimwambie Pyo," akasema. "Amenilea tangu nina miaka kumi na mitano. Akijua, atavunja pambano."

"Na wakikupiga hilo lililobaki?"

"Sijawahi kupigwa."

"Hujawahi pia kupigana kwa jicho moja."

Akasema nikifungua mdomo, mimi na yeye basi. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini huyu nilikuwa nampenda, ningemwachaje afe?

Nikarudi kwangu Langley Park. Mwatime, msichana wa Kwale niliyekuwa naishi naye, alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anakuna nazi.

"Shoga, chagua," akaniambia. "Mwanamume mzima asiye wako, au wako asiyekuona."

Nikampigia simu Tae-sik kumsihi aache pambano. Akanijibu kwa upole kwamba baada ya Jumamosi atanioa.

"Na siku ya harusi nani atanitazama?" nikamuuliza.

Akakata simu.

Alhamisi Pyo aliniita niwaandalie meza. Nikasema moyoni, mimi sitafungua mdomo. Pyo ataona mwenyewe kwa macho yake, na kama kweli ni baba, atamzuia mwanawe. Nikamimina chai yao ya shayiri, nikaweka kikombe cha Tae-sik upande wa kushoto kabisa, pale asipoona.

Pyo alikuwa anasimulia habari za mapromota. Bila kukatiza hadithi, akanyoosha mkono, akakichukua kikombe, akakihamishia kulia. Alifanya hivyo bila kufikiri, jinsi mama anavyomsogezea mtoto sahani.

Kumbe alijua. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikajua nikisema neno kazi yangu imeisha, lakini mdomo ukafunguka wenyewe.

"Bwana Pyo, mbona umehamisha kikombe?"

"Kisimwagike."

"Kwani kushoto kingemwagwa na nini?"

Tae-sik akaacha kutafuna. Akakitazama kikombe, akamtazama Pyo, akauliza neno moja kwa Kikorea. Baadaye aliniambia lilikuwa "Tangu lini?" Pyo akaeleza maneno mengi, kisha akainamisha macho. Halafu akanigeukia, akaniambia kwa Kiingereza nichukue koti langu na nisirudi.

Nikalichukua. Nilisimama mlangoni nikimsubiri Tae-sik ainuke. Hakuinuka.

Ijumaa simu haikulia. Jumamosi nikapata kibarua cha siku moja mtaa wa Columbia Heights, kumhudumia mzee mgonjwa. Nilimvisha soksi kinyume mara mbili. Jua likianza kushuka nikapanda basi nikijua sasa anafungwa glavu, na machozi yakanitoka mbele za watu.

Nikafungua mlango wa nyumba yetu. Tae-sik alikuwa jikoni, anamenya viazi na Mwatime. Begi lake lilikuwa chini.

Ijumaa alikuwa ameenda mwenyewe kwa wasimamizi wa ngumi, akawaambia ukweli, kisha hospitali. Wangempasua jicho Jumanne. La kushoto hawakuahidi kitu, la kulia lilikuwa salama. Magazeti ya kwao yalikuwa yameshaandika kwamba bingwa amekimbia.

Nikamwekea chai mezani, na kwa kuchanganyikiwa nikaiweka kushoto. Akapapasa kidogo.

"Wamaitha, kikombe kiko wapi?"

Hakuwahi kuuliza hivyo, mbele yangu wala mbele ya mtu yeyote. Nikamshika mkono nikaupeleka kilipo. Nikasema lile la kila jioni.

"Umeshindaje?"

Nikasubiri nokauti.

"Nimeshinda hapa," akasema. "Nyumbani."

Mwatime akafuta macho akasingizia vitunguu, na hakukuwa na kitunguu hata kimoja mle ndani.

Tulioana Novemba. Mchungaji alitaka nisimame kushoto kwa bwana harusi, ndiyo desturi. Nikamkatalia mbele ya kanisa zima. Nikasimama kulia, anione.