Insaf Ameitwa Kupiga Kura

Donge moja la unga lilikuwa na alama ya kidole.

Fahima aliiona alipopanda darini kuitazama mikate ya jua ikiumuka. Huku Sohag, kusini mwa Misri, mkate wa jua hauguswi mpaka uingie tanurini, na kila mtoto analijua hilo kwa sababu alishachapwa. Alama yenyewe ilikuwa ya kidole cha mtoto anayejifunza kutembea, imezama katikati ya donge, kama mtu aliyetaka kuona ni laini kiasi gani. Nyumba ile haikuwa na mtoto mdogo. Walikuwamo Fahima, mumewe Abdelgawad, na binti yao Nawara, msichana wa miaka kumi na mitano mwenye vidole virefu vya kushikia kalamu.

"Paka," Fahima alijiambia, akalisawazisha lile donge kwa kiganja. Paka hana kidole cha namna ile, lakini anayetaka kudanganyika hachunguzi sana.

Abdelgawad akarudi kutoka mkahawani akicheka peke yake. Alikuwa mtu wa maneno mengi na miguu michache. Ukimtuma ofisi yoyote ya serikali, goti lake huanza kumuuma papo hapo.

"Nawara! Njoo nikuamkie, mpiga kura!"

"Mimi, baba?"

"Wewe! Tulikuwa tunaingiza namba za vitambulisho kwenye simu, tuone nani anapigia wapi. Nikaingiza yako kwa mzaha. Umo! Insaf Abdelgawad, shule ya wasichana. Hukuomba, hukupanga foleni. Serikali imechungulia yenyewe kwenye kumbukumbu zake za vizazi, ikaona umetimiza kumi na minane, ikakuingiza. Halafu watu wanasema serikali imelala!"

"Lakini baba, mimi nina kumi na tano."

"Kwa hesabu za mama yako. Kwa serikali wewe ni mtu mzima." Akavua viatu, akakaa kitako. "Na mtu mzima huolewa. Binamu yako Hamam amepiga simu kutoka Kuwait. Uchaguzi ukipita tu, anakuja."

"Na mtihani wangu?"

"Mtihani gani, bi harusi?"

Nawara akamtazama mama yake. Fahima alikuwa anafuta meza aliyokwisha kuifuta.

Kabla ya Nawara kulikuwa na Insaf. Alikufa kwa ugonjwa wa tumbo kiangazi kimoja, akiwa bado anayumba anapotembea, na mama yake mjamzito. Sasa vijijini kwetu kuna mazoea ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayeyasema: mtoto mdogo akifa, hatangazwi. Cheti chake cha kuzaliwa hutiwa chini ya godoro kumngoja anayemfuata, na aliye hai huvaa karatasi ya marehemu kama anavyovaa magauni yake. Watu huona wamejipunguzia safari ya kuvuka mto kwenda kuandikisha, na maswali ya karani. Abdelgawad alisema, "Mungu ametoa, Mungu atatupa mwingine. Cheti kipo." Fahima angeweza kukataa. Hakukataa, na kusema kweli moyo wake ulifurahi kidogo, maana miguu ilikuwa imemvimba na njia ilikuwa ndefu.

Lakini ili karatasi iendelee kuishi, ilibidi mtoto afe kimyakimya. Hapakuwa na kilio wala matanga, wala mikate ya sadaka haikugawiwa makaburini. Alizikwa mchana wa jua kali, watu wamelala. Fahima aliing'ata shungi yake mpaka ufizi ukatoka damu, na jioni akapika kama kawaida. Tangu siku ile hakupata kumlilia mwanawe, kwa sababu mwanawe hakuwa amekufa. Aliyezaliwa akaitwa Nawara nyumbani, Insaf shuleni. Mwalimu akiita Insaf, Nawara huitika, na walimu hushangaa tu kwamba msichana huyu ni mdogo kuliko umri wake.

Mikate iliyofuata ikaja na alama tena, na safari hii kidole kilikuwa kimekua.

Fahima hakumwambia mtu. Alihamishia mikate kwenye dari la upande wa pili, akaiwekea kitambaa, akaisomea Ayatul Kursi. Alama zikaja chini ya kitambaa: kidole cha mtoto wa kuanza shule, kisha cha mtoto wa kuchota maji, kila akioka kinakua. Wakati wa kulala mchana, kijiji kizima kimya, alisikia kengele za kikuku kidogo, kile tunachowavisha watoto mguuni tujue wamekwenda wapi. Kilipita uani, kikasimama mlangoni pake. Na harufu ikaingia, harufu ya maji ya uwatu yaliyochemshwa, dawa aliyokuwa akimnywesha Insaf kijiko kwa kijiko siku zile, na ambayo tangu hapo hakuiruhusu nyumbani mwake.

"Mama," Nawara alinong'ona siku moja, wawili peke yao jikoni, "kuna mtu anavaa viatu vyangu."

"Nani avae viatu vyako, mwanangu?"

"Sijui. Nikiviingia navikuta vina joto." Alitazama nyuma kabla hajaendelea. "Na leo darasani wameita Insaf. Nikafungua mdomo. Akaitika mtu nyuma yangu, mama, na nyuma yangu kuna ukuta."

"Nyamaza. Usimwambie baba yako."

"Insaf ni nani, mama?"

"Ni wewe," Fahima alisema.

Tangu hapo Nawara akaanza kupungua. Si mwili, mwili ulikuwa palepale, lakini ukimwita hasikii mpaka umguse, na jirani akiingia humsalimia Fahima na kumruka yeye kana kwamba amepishana na mto wa kulalia, na siku moja babake alikalia mahali alipokuwa amekaa, akamkalia kabisa, akaruka na kucheka kwamba macho yake yanazeeka, na Fahima, aliyeshuhudia yote akiwa na mwiko mkononi, alijua kwamba macho ya Abdelgawad hayana neno, kwamba kuna kitu kinamla mwanawe taratibu kama chumvi inavyokula ukuta wa udongo, na kwamba aliyekifungulia mlango kitu hicho ni yeye mwenyewe.

Akamwita Shekha Dawlat, mganga wa kupunga mapepo kutoka ng'ambo ya mto. Alikuja adhuhuri, Abdelgawad hayupo: mwanamke mnene, anayehema, asiyependa upuuzi. Alifukiza ubani mara moja tu, kisha akauzima kwa kidole.

"Umemficha nani, Fahima?"

Fahima akaeleza. Ilikuwa mara ya kwanza kuyatoa mdomoni, na aliyatoa akitazama sakafu.

"Kila mtu ana dada yake chini ya ardhi," Shekha Dawlat alisema kwa sauti ya chini. "Jini wake, aliyezaliwa naye. Mtu akifa, watu wakalia, wakatangaza, yule dada naye hufunguliwa akaenda zake. Wako hukumfungua. Mtoto amekwenda kwa Mola wake, lakini dada yake amekaa chini ya sakafu yako anakua na lile jina."

"Mbona miaka yote alitulia?"

"Kwa sababu hakuitwa. Shuleni walimwita mtoto, na mtoto wako akaitika. Sasa serikali imemwita Insaf wa miaka kumi na minane. Katika nyumba hii nani ana miaka kumi na minane?"

Fahima akainyanyua miguu yake kutoka sakafuni.

"Basi anapanda kuitika."

"Mfukuze, shekha. Nitachinja, nitafanya utakalo."

"Simfukuzi mwenye haki yake. Vuka mto, nenda ofisi ya afya, useme: binti yangu Insaf alikufa, na huyu ni Nawara, mwandikeni. Daktari atampima umri. Kisha rudi ulie mlangoni kwako mpaka watu wajae. Ila fanya kabla ya siku ya kura. Akishaitika, harudi."

"Mume wangu ataniua. Wanaweza kumtia ndani."

"Nimekwambia dawa. Sikukwambia ni tamu." Shekha akajikongoja mpaka mlangoni, akageuka. "Na ukimwandikisha, atakuwa na kumi na tano mbele ya sheria. Hamam wako atarudi Kuwait peke yake. Fikiri hilo pia."

Alilifikiri. Usiniulize kwa nini hakwenda kesho yake. Kesho yake Abdelgawad alikuwa na hasira, keshokutwa kivuko kilikuwa na watu wa kijijini ambao wangeuliza unakwenda wapi. Kila siku ilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Fahima alikuwa akiyaficha yale yaliyokwisha kuua mara moja.

Siku ya kura ikamkuta bado anafikiri. Alichofanya ni kumfungia Nawara chumbani, akaukalia mlango.

"Usitoke leo, mwanangu. Hata nikikuita mimi, usitoke."

"Sawa, mama." Sauti ilikuwa ya mbali, kana kwamba imetoka nyumba ya tatu. "Mama, utaniita lakini? Niitie jina langu. Nalisahau."

"Nawara," Fahima akaita. "Nawara. Nawara." Aliita mpaka adhuhuri, na ndani sauti ilikuwa ikiitika, ikipungua, ikiitika, huku vikuku vikilia, si uani tena bali ndani ya chumba kilekile, vizito, vya mguu wa mwanamke, na harufu ya uwatu ikipita chini ya mlango mpaka macho yakamtoka machozi, na bado aliita, hata pale alipokuwa haitikiwi na mtu.

Abdelgawad akaingia amefurahi.

"Mama Nawara, binti yako kanipa heshima leo! Nimemkuta kwenye foleni ya wanawake kajifunga baibui, katulia. Nikamwita Nawara, hakugeuka. Nikamwita Insaf, akanitabasamia. Nilijua ataelewa tu. Mbona umekaa mlangoni?"

Fahima alifungua kufuli kwa mikono miwili.

Msichana alikuwa amekaa kitandani anasuka nywele. Ncha ya kidole chake ilikuwa nyeusi kwa wino wa kura. Alikuwa mrefu kidogo kuliko jana, amejaa mashavuni, na macho yake yalikuwa yale ya mtoto aliyelishwa uwatu kijiko kwa kijiko.

"Nawara yuko wapi?" Fahima alinong'ona.

"Nawara yupi, mama?" Aliuliza kwa upole, bila kejeli. "Hukumwandikisha popote."

Kesho yake Fahima alivuka mto. Alipanga foleni, akafika dirishani, akasema, "Nimekuja kutangaza kifo cha binti yangu."

"Pole, mama. Anaitwa nani?"

"Nawara Abdelgawad."

Karani akatafuta, akatafuta tena. "Hayumo, mama. Huyu hajawahi kuzaliwa. Una binti mmoja tu, Insaf, na yeye ni mzima, jana kapiga kura. Au ni huyo Insaf ndiye amekufa?"

Neno moja tu lilitakiwa. Fahima alilishika ulimini. Akayakumbuka yale macho, akakumbuka kwamba alishawahi kumuua huyu kwa kunyamaza, na hakuweza kumuua tena kwa kusema.

"Hapana," alisema. "Insaf yupo."

Alipofika nyumbani, chakula kilikuwa mezani. Insaf alimvua viatu, akamnawisha mikono. Alikuwa amekubali posa ya Hamam. Hakuona ubaya, alikuwa na miaka kumi na minane kamili. Kisha akaanza kula bamia, akala kwa haraka na kwa pupa, kama mtu ambaye hajawahi kupewa chakula chake mwenyewe.

"Mama," ikaita sauti chini ya sakafu, nyembamba, ileile iliyokuwa ikiitika nyuma ya mlango. "Mama, mbona huniiti?"

Insaf akaacha kutafuna, akamtazama mama yake, akangoja.

Fahima akamsogezea bakuli karibu, akaanza kumsimulia habari za watu wa kivukoni, kwa sauti ya juu, bila kupumzika, ili asimsikie anayeita.