Picha Isiyo na Uso

Mtu aliyechoka, jamani, asipelekwe dukani. Ruqayya aliinunua ile picha mtaani Kabalagala akitoka hospitali, macho mazito, miguu imevimba. Tangu mumewe afariki alikuwa nesi wa zamu mbili, na alitaka tu kitu cha kutazama akifika nyumbani. Ilikuwa nakala ya mchoro wa kisasa, ndani ya fremu yenye kioo: mwanamke ameketi, vipande vipande vya buluu na rangi ya udongo, uso mtupu kama sahani.

Mama mkwe wake, Hajara, alinuna. "Nyumba yenye picha ya kiumbe, malaika hawaingii."

"Ndiyo maana nikachagua hii, mama. Haina macho wala mdomo. Si kiumbe."

Hajara akakubali shingo upande. Hapo ndipo walipokosea, maana kisicho na uso hutafuta uso wa kuchukua.

Ikaanza harufu ya rangi mbichi, na picha yenyewe ni karatasi iliyochapwa kwa mashine. Kisha kioo kikaingia ukungu kwa ndani. Ruqayya akafuta kwa kanga, haukutoka, akauacha. Nani ana nguvu za kugombana na kioo?

Halafu akamkuta bintiye Shamim amekaa chini ya picha, anapiga soga.

"Unaongea na nani?"

"Na mama."

"Mama si mimi?"

Mtoto akamtazama sana. "Wewe unafanana naye kidogo."

Ruqayya akainua macho. Mwanamke wa pichani alikuwa na macho sasa, na kovu la Ruqayya shavuni. Akakimbilia kioo cha bafuni. Nyusi zake zilikuwa zimefifia, midomo imebaki mstari.

"Mama," akamnong'oneza Hajara, "inanichukua. Mwite shehe."

Hajara akarudi nyuma. "Nitamwita," akasema, bila kumtazama.

Kesho yake Ruqayya aliporudi, Shehe Abubaker alikuwa amefika, udi unafuka, na kwenye fremu kimebaki kiti kitupu, naye Ruqayya akashukuru Mungu kwamba lile zimwi limetoka, mpaka alipoisikia ile harufu ya rangi ikitokea jikoni, akamwona Hajara anamficha mtoto nyuma yake, ananyoosha kidole.

"Ndiye huyo, shehe. Anakuja kila siku akijifanya mkwe wangu."

Ruqayya akataka kusema ni mimi, mama. Mdomo haukuwepo.

"Toka!" shehe akamnyunyizia maji. "Nyumba hii ina wenyewe."

Jikoni akatokea mwanamke ndani ya dera la Ruqayya, anajifuta mikono, na uso wa Ruqayya ule ule, ila wa mtu aliyelala vizuri. Shamim akamrukia akicheka, cheko ambalo Ruqayya hakuwa amelisikia tangu msiba.

Ruqayya akarudi nyuma hadi nje. Komeo likafungwa.

"Mama, leo huendi kazini?" mtoto akauliza ndani.

"Siendi popote, mwanangu."