Barabara Iliyoandikwa Haipitiki

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo, Wideline alikwenda na wenzake wa klabu ya ramani kukagua barabara za Ravin-Sèch, kijiji chao cha milimani huko Haiti. Mwalimu wao, Osnel, aliwafundisha kupima barabara kwa magurudumu. "Jiulizeni nani anapita," aliwaambia. "Baiskeli? Gari dogo? Lori peke yake? Au hata punda anashindwa?" Walichoandika kwenye simu kiliingia katika ramani ya mtandaoni, kikasomwa na yeyote aliyeifungua.

Wiki hiyo Wideline alikuwa na hasira. Lori la mchanga kutoka mtoni lilikuwa limemgonga rafiki yake Fabyola mbele ya shule, likamvunja miguu yote miwili, na dereva hakusimama.

Walipofika barabara ya chini, ile ipitayo mbele ya shule, ya changarawe iliyoshindiliwa vizuri, Wideline aliandika "haipitiki".

"We, umeandika nini hapo?" aliuliza Kervens, mwanafunzi mwenzake. "Jana tu baba kapita hapa na kigari chake kibovu."

"Malori yakiona hivyo yatazunguka kwa njia ya juu, ya mlimani."

"Dereva wa mchanga atazame ramani ya nini? Anapita hapa kila siku."

"Nyamaza. Si mguu wako uliovunjika."

Kervens akageuka, akaendelea kukagua barabara.

Jumatatu malori yalikuja kama kawaida. Safari hii wanaume wa kijiji walikuwa wameziba njia kwa mawe mbele ya shule. Dereva wa kwanza aliteremka na nondo, akamtukana kila aliyekuwa mbele yake. Jiwe likavunja kioo cha lori. Nondo ikampasua mtu kichwa, na papo hapo watu wakavamiana kwa fimbo na mapanga. Delis, mjomba wake Wideline, aliingia katikati kuwaamua. Utingo wa lori akamkata panga begani.

Wideline alimwona mjomba wake akipiga magoti, damu ikiruka na kulowesha changarawe. Mama yake Wideline alivua kitambaa cha kichwani, akakaza jeraha kwa nguvu zake zote. Hapo ugomvi ukazima. Hata yule utingo alidondosha panga.

Mwalimu Osnel aliita gari la wagonjwa kutoka mjini. Wakangoja. Uso wa Delis ukageuka rangi ya majivu. Mwalimu akapiga simu tena, na sauti ya dereva wa gari la wagonjwa ikasikika: "Tuko njia ya mlimani, mwalimu, tumenasa kwenye tope. Ramani inasema ya chini haipitiki."

Wote walikuwa wakimtazama Delis. Hakuna aliyemtazama Wideline, na angeweza kukaa kimya.

"Ni uongo," alisema. "Ni mimi niliyeandika. Mwambie arudi apite chini, gari dogo linapita."

Mama yake alimtazama, mikono yake ikiwa imejaa damu.

Wideline alikimbilia mawe yaliyoziba njia, akaanza kuyasukuma. Kervens akamfuata. Kisha wakaja wanaume wenye nguo zilizochanika, na dereva wa lori pia, akiwa bado anavuja damu puani.

Gari la wagonjwa lilijinasua, likapita barabara ya chini, likafika. Delis alipona, ingawa vidole vyake viwili havikukunjika tena.

Siku Delis aliporudi nyumbani, Wideline alikuwa tayari ameisahihisha ramani. Mwalimu Osnel alimketisha ukumbini.

"Hasira yako ilikuwa na sababu, binti yangu. Ila uongo wako haukusimamisha hata lori moja. Uliyemsimamisha ni yule aliyekuwa anakuja kutusaidia."

"Sasa malori tuyaache tu, mwalimu?"

"Hapana. Tuandike yaliyopo. Hapa pana shule, barabara ni laini, malori yanakimbia, mtoto kaumia. Tuyapeleke kwa wakubwa na majina yetu chini yake."

Waliyapeleka, wakarudishwa, wakayapeleka tena, mpaka matuta yakajengwa pande zote mbili za shule. Siku saruji ilipokauka, mwalimu aliwaambia wanaklabu wote: "Anayesoma ramani yetu hatumjui. Huenda anakuja kwa ndugu yako. Mwambieni kweli."