Fungu Namba Kumi na Saba

Kaunta ya vifurushi ya posta ilikuwa imefurika watu tangu milango ilipofunguliwa, na foleni ilikuwa imejikunja mara mbili hadi kwenye mizani. Mkutubi alikuwa amekwisha kupokea katoni yake na alikuwa akijipenyeza kuelekea nje, sketi yake ya kijivu ikikwama kwenye mabegi ya watu, pale kitako cha katoni kilipoachia. Vifuko vya plastiki elfu moja, vyembamba kama maganda ya kitunguu, vikateleza sakafuni na kutawanyika miguuni mwa watu.

"Jamani, msikanyage!" alisema, kwa sauti iliyomshtua mwenyewe. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kuwanyamazisha wengine.

Mwanamume mmoja aliyevaa shati jeupe lenye mikono iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, alichuchumaa kabla yake. Hakuzoazoa. Aliviokota kimoja kimoja, akivishika kingoni, kama mtu aliyezoea vitu visivyotaka alama za vidole.

"Hivi ni vya karata," alisema. "Karata za Milango Tisa."

"Umejuaje?"

"Kwa kipimo. Mimi ni fundi miwani, dada. Nikikosea nusu milimita, mtu anaupigia ukuta hodi."

Mkutubi alicheka bila kutaka. "Haya, fundi, okota basi. Umepima vya kutosha."

"Unacheza?"

"Sichezi. Naamua."

"Lo! Kumbe nimepiga magoti mbele ya hakimu."

Tangu siku hiyo akawa anamwita hakimu.

Milango Tisa ni mchezo wa karata za kukusanya na kubadilishana. Kila karata ina picha yake na nguvu yake, na katika maelfu ya karata zilizopo kila mchezaji huchagua sitini na kuunda fungu lake. Mkutubi ndiye aliyeanzisha, katika ukumbi wa kusomea wa maktaba, shindano la mwaka ambalo halikuwa la kucheza bali la kuunda. Washindani hupewa mada moja. Kila mmoja huunda fungu linaloisimulia, huandika ukurasa mmoja wa maelezo, na kuliweka katika kisanduku kisicho na jina. Bawabu hukipa kisanduku namba. Waamuzi watatu hutoa alama, na alama za kila mwamuzi hubandikwa ubaoni zisomwe na wote. Hapakuwa na fedha za kushindania. Fungu lililoshinda hukaa mwaka mzima katika kabati la kioo mlangoni, pamoja na jina la mtu ambaye muundaji amemtunukia.

Mada ya mwaka ule ilikuwa "Kungoja".

Fundi Miwani alianza kufika maktaba kuazima vitabu alivyovirudisha bila kuvisoma. Kisha zikaja simu za saa saba mchana, Mkutubi akiwa ameketi kwenye ngazi za nyuma na kitambaa cha buluu kichwani kuzuia jua.

"Hakimu wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe usinifanye mgonjwa wako."

"Aa, wagonjwa wangu huniona vizuri baada ya wiki moja. Wewe mwezi wa tatu huu, bado huoni kitu."

"Ninaona. Ninajikaza tu nisiseme."

"Sema basi, laazizi, nipate nguvu ya kukata vioo vya huyu mzee aliyenikodolea macho hapa."

Mapenzi yao yalikua hivyo, kwa utani juu na uzito chini. Mara moja tu Mkutubi alimuuliza kwa nini mtu anayezijua karata vile hachezi.

"Nilikuwa nacheza na mdogo wangu," alijibu. "Alifariki." Akaifuta meza iliyokuwa safi.

Shindano lilipokaribia, waliafikiana wasilitaje. "Ukiingia au usipoingia, sitaki kujua," alisema Mkutubi. "Visanduku havina majina. Hilo ndilo litakaloniponya."

Visanduku ishirini na sita vililetwa Jumatatu. Mbali na Mkutubi, waamuzi walikuwa Mwalimu wa hesabu na mama mmoja mchoraji wa mabango. Kila mmoja alikaa peke yake na visanduku, asubuhi hadi alasiri, akisoma maelezo na kuzipanga karata mezani ili kuona kama kweli zinafanya kazi pamoja.

Mkutubi alipofungua kisanduku namba kumi na saba, alijua kabla ya kusoma. Karata zilikuwa kuukuu, pembe zimelainika kwa kushikwa, lakini vifuko vyake vilimetameta bila alama hata moja ya kidole. Maelezo yalisema: *Fungu hili huanza polepole kwa makusudi. Kwa zamu sita mchezaji hana la kufanya ila kulinda alichonacho. Mdogo wangu aliliunda nusu akiwa wodini, akingoja figo. Nusu iliyobaki nimeiunda mimi, na ilinichukua miaka minne.*

Alizipanga karata. Mlinzi wa Daraja. Taa Isiyozimwa. Mvua ya Mbali. Lilikuwa fungu zuri. Kanuni ya haki ilikuwa moja tu: angenyanyuka, awaambie wenzake, "Hili silihukumu." Lakini angeulizwa sababu, na sababu ingekuwa habari ya mji. Akajiambia atalihukumu kama mengine. Kisha akaikagua kila alama aliyotaka kuitoa: hii ni ya karata, au ni ya mapenzi? Akaipunguza. Akaikagua tena, akaipunguza tena. Alipomaliza, alikuwa ameandika arobaini na moja kwa mia, na alijisikia mwadilifu.

Jumamosi matokeo yalibandikwa. Fundi Miwani alisimama mbele ya ubao amevaa koti jeusi ambalo Mkutubi hakuwa amewahi kuliona. Namba kumi na saba: Mwalimu, themanini na nane. Mchoraji, themanini na tano. Mkutubi, arobaini na moja. Nafasi ya kumi na mbili. Alisoma mstari ule kwa muda mrefu, akafungua kisanduku chake, akahakikisha karata zipo zote, akakiacha mezani pamoja na vingine, akaondoka.

Alipopigiwa simu hakupokea Jumapili, wala Jumatatu. Jumanne Mkutubi alimfuata kwenye karakana, chumba chembamba chenye harufu ya vumbi la kioo na mashine ya kusaga lenzi ikivuma.

"Nisikilize," alisema.

"Nakusikiliza, Mkutubi." Hakumwita hakimu.

"Nililijua ni lako. Niliogopa watu waseme nimekupendelea."

Alizima mashine. "Yaani hukuliona baya?"

"Lilikuwa zuri. Zuri sana."

"Afadhali ungeliona baya." Alivua miwani yake, na macho yake bila kioo yalikuwa na uchovu wa mtu aliyekesha na mgonjwa. "Siku moja nilimwachia mdogo wangu ashinde. Alinuna siku mbili. Aliniambia, 'Kaka, leo umeuona ugonjwa, hukuniona mimi.' Na wewe hukuziona karata zake. Ulijiona wewe na jina lako jema."

"Mpenzi, nilitaka kutenda haki..."

"Haki gani hiyo ya kumwibia mtu ili usiitwe mwizi?"

Mteja aliingia na kijiti cha miwani kilichovunjika, naye Fundi akamgeukia kwa upole uleule aliokuwa nao kwa watu wote, na huo ndio uliomchoma Mkutubi zaidi.

Nyumbani, shangazi yake alikuwa amevaa kanga ya zambarau, akipasua vitunguu. Alimsikiliza hadi mwisho, kisu hakikusimama.

"Sasa unalilia bwana au unalilia cheo?"

"Shangazi!"

"Nauliza tu. Maana bwana anaombwa radhi chumbani. Lakini hii alama uliiandika ubaoni."

"Nikisema mbele ya watu, hawataniamini tena. Miaka tisa, shangazi."

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Na wewe hapo ulipo, vitunguu ni vyangu, machozi ni yako. Nenda."

Jumamosi iliyofuata, washindani walipokusanyika ukumbini kwa ajili ya kukabidhi kabati la kioo, Mkutubi alisimama mbele yao. Alivaa gauni la kahawia, la kola ya juu, na alikuwa ameshika karatasi ambayo hakuisoma.

"Katika visanduku nilivyohukumu," alisema, "kimoja nilikitambua. Kilikuwa cha mtu ninayempenda. Nilipaswa kujitoa, sikujitoa. Nikakipa alama ndogo kwa kuogopa maneno yenu. Sikuwa mwadilifu, nilikuwa mwoga. Naomba mwamuzi mwingine akae mahali pangu na avihukumu visanduku vyote ishirini na sita upya."

Minong'ono ikapanda. "Kumbe mlikuwa mnatuficha!" alisema mmoja. Mwingine akacheka: "Ukipendwa na mkutubi, basi umekwisha!" Mwalimu aligonga meza. Muuguzi mmoja, aliyekuwa ameshinda na ambaye sasa ushindi wake ulikuwa mashakani, alinyanyuka akakirudisha kisanduku chake mezani mwenyewe.

"Kihukumiwe," alisema. "Asiyekubali kushindwa si mshindani."

Fundi Miwani hakuwepo. Aliletewa habari na muuguzi huyo, aliyekwenda kwake kupimwa macho.

Mwamuzi mpya, mzee mstaafu wa mahakama, alichukua wiki nzima. Muuguzi alishinda tena. Namba kumi na saba ilikuwa ya pili, nyuma yake kwa alama nne. Kabati la kioo likapata jina la mama yake muuguzi, na jina la kijana aliyengoja figo halikuandikwa popote.

Alasiri ile simu ya Mkutubi iliita.

"Nimesoma ubao," alisema Fundi.

"Samahani. Nilitumaini..."

"Usiniombe radhi kwa alama nne. Mzee ameandika kwamba zamu ya tano ina karata mbili zinazogombana. Nimeangalia. Ni kweli, na hizo mbili niliziweka mimi, siyo marehemu." Karata zilisikika zikipangwa mezani. "Mtu amemsoma mdogo wangu hadi zamu ya tano, hakimu. Amemsoma kwa makini."

"Umeniita nani?"

"Umesikia. Usinichoshe."

Hawakurudi mara moja kuwa walivyokuwa. Walitembea jioni baada ya kazi, wakizungumza kidogo, kama watu wanaojaribu mguu uliotoka kwenye plasta. Kamati ya shindano ilimruhusu Mkutubi kuamua tena mwaka uliofuata, lakini iliongeza swali la tano katika fomu ya kujiandikisha: *Je, una uhusiano wowote na mmoja wa waamuzi? Eleza.*

Asubuhi ya kwanza ya kujiandikisha, Fundi Miwani alifika kaunta na shati lake jeupe. Alijaza fomu taratibu. Nyuma yake watu sita walingoja.

"Namba tano hujaijaza," alisema Mkutubi.

"Chini hapa mmeandika majibu yawe ya kweli. Nikiandika 'rafiki', nitakuwa mwongo. Nikiandika 'mchumba', sijakuuliza."

Kalamu ya Mkutubi ilisimama. Mama mmoja kwenye foleni akakohoa, kisha akaacha kukohoa ili asikie.

"Basi uliza," alisema Mkutubi.

"Hapa?"

"Hapa. Lakini kwa sauti ya chini, kuna watu wanasoma."

Aliinama juu ya kaunta na kumuuliza. Swali lilikuwa fupi na jibu likawa fupi zaidi. Kisha Fundi akaandika neno moja kwa wino, herufi kwa herufi, akaisukuma fomu upande wa pili. Mkutubi aliipiga muhuri. Akafungua mtoto wa meza, akatoa orodha ya waamuzi wa mwaka ule, na jina lake mwenyewe, lililotangulia yote, akalikata kwa mstari ulionyooka.