Jiko Lililonyooka Mno

Maiti ilikuwa imekaa kwenye kiti, kichwa kimelala mezani, na mbele yake kwenye kompyuta nyumba ilikuwa inazunguka.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, usiseme. Paa jekundu, madirisha yanang'aa, inajizungusha polepole kama mtu anayejaribu nguo mpya. Ni ile programu ya kuchora nyumba. Unavuta ukuta kwa kipanya, unabandika mlango, unapaka rangi, unapanga hata masufuria jikoni, na hujakoroga saruji hata karai moja. Ukitaka kuona upande wa nyuma, nyumba inakugeukia yenyewe. Zamani ulikuwa unazunguka wewe.

Marehemu ndiyo kazi yake hiyo. Watu walimwita Injinia. Uinjinia wenyewe hakuusomea, jina lilimjia kwa sababu ya kuvaa shati la mikono mirefu na kuweka kalamu tatu mfukoni.

Aliyemkuta ni mama wa usafi, saa sita mchana.

"Uligusa kitu?" Inspekta akamuuliza.

"Niligusa kifua changu tu, afande. Moyo ulitaka kutoka."

Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mnene, viatu vya chini. Askari wa kituoni walimwita Shangazi, maana akikuhoji unajiona kama mtoto anayeulizwa nani kamaliza sukari. Hapigi kelele. Anakutazama tu, na wewe mwenyewe unaanza kujipangusa mdomo.

Chini ya meza kulikuwa na pima maji, lile fimbo la alumini lenye kichupa cha maji katikati, ambalo fundi anaweka juu ya tofali kuona kama zimelala sawa. Pembeni lilikuwa na damu. Ubavuni mtu alikuwa amechora kwa msumari: TIMAZI.

"Timazi ni nani?" Inspekta akauliza.

"Fundi mwashi," akasema mama wa usafi. "Jana alikuja hapa na hilo dude, akamtukana Injinia mpaka kinyozi wa chini akazima mashine asikilize."

Daktari alisema ni pigo moja, kisogoni, kati ya saa tatu na nusu na saa nne na nusu asubuhi. Mtaalamu wa alama za vidole akasema kwenye pima maji kuna alama za mtu mmoja tu. Saa tisa alasiri fundi Timazi alikuwa mahabusu, bila mkanda na bila viatu.

Alikuwa mwembamba, mrefu, saruji imemkaukia kwenye kucha. Jina alijipa mwenyewe. Timazi ni ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo ikining'inia hainami huku wala kule, naye alijisifu kwamba kuta zake ziko hivyo.

"Ulimuua?"

"Sikumuua."

"Mligombana nini?"

"Alisema ukuta wangu wa jiko umepinda. Mimi! Nikamletea pima maji mezani nikamwambia, twende ukapime. Akacheka. Nikaondoka kwa hasira, nikalisahau."

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nimesusa kazi. Muulize mke wangu."

Mke alikuwa kwenye benchi la kituo tangu asikie mumewe kakamatwa, chupa ya chai mapajani, na hakuonyesha dalili ya kuondoka.

Mkuu wa kituo yeye alikuwa ameshamaliza kazi. "Kesho saa tatu apelekwe mahakamani. Mauaji. Silaha yake, alama zake, ugomvi wake. Unataka nini tena, Shangazi?"

"Nataka mpaka hiyo saa tatu."

"Una nini mkononi?"

"Sina kitu, mkuu. Ningekuwa nacho nisingeomba muda."

Mkuu akacheka, akampa. Lakini akamwambia wazi kwamba saa tatu ni saa tatu. Akishasomewa shtaka la mauaji, huyo fundi atakaa ndani miaka kabla hata kesi haijasikilizwa, na wote wawili walilijua hilo.

Inspekta alikuwa anawaza hivi. Mtu aliyepanga kuua haachi chombo chenye jina lake chini ya meza ya maiti. Na kama pima maji lililala ofisini tangu jana, basi lilikuwa la yeyote mwenye ufunguo. Ufunguo walikuwa nao watatu: marehemu, mama wa usafi ambaye asubuhi nzima alikuwa anadeki shule mbele ya walimu, na msaidizi wa Injinia.

Huyo msaidizi wateja walimwita Binti Mapazia. Mwanamke wa miaka thelathini na tano, mpole, kanga nyepesi mabegani, macho yamevimba kwa kulia.

"Leo asubuhi?"

"Nilikuwa kwenye ile nyumba anayojenga fundi. Injinia alinituma nikapime jiko, kwa ajili ya makabati na mapazia."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu mpaka saa tano."

"Nani alikuona?"

"Hakuna. Fundi kasusa, vibarua hawakuja. Nina ufunguo." Akafungua mkoba, akatoa daftari. "Vipimo hivi hapa."

Inspekta akafungua. Kurasa mbili, mistari imenyooka, namba zimepangwa, hakuna hata moja iliyofutwa. Daftari kama limeandikwa na malaika.

"Naomba nikae nalo."

"Kaa nalo tu, afande."

Inspekta hakujua kitu kuhusu kupima majiko. Lakini ukiumwa jino humwendei seremala. Akarudi mahabusu kwa mwenye jiko lake, na yule mke akamfuata nyuma na chupa ya chai bila kuitwa. Sajini wake alitaka kumzuia. Inspekta akasema, mwache.

"Fundi, soma ukurasa huu. Ndivyo jiko lako lilivyo?"

Timazi akasoma midomo ikicheza. Taratibu kifua kikaanza kujaa. "Mita nne na ishirini, na wa pili yake nne na ishirini. Tatu na sitini, tatu na sitini." Akapiga paja. "Ndivyo! Hivyo hivyo! Nani kapima? Niliwaambia mimi, ukuta wangu umenyooka!"

"Una uhakika?"

"Naapa."

"Mwongo!" Mke aliruka mpaka chai ikamwagika. "Baba watoto, wewe ni mwongo na mpumbavu! Jana jioni ulikaa mlangoni unajishika kichwa. Ulisema nini? Sema mbele ya afande ulisema nini!"

"Mama watoto, nyamaza, hayo ni mambo ya kazi."

"Kazi gani? Kesho wanakufunga, wewe unatetea tofali!"

"Fundi," Inspekta akasema polepole, "aliyeandika daftari hili anasema leo asubuhi alikuwa jikoni kwako. Ukisema ni sahihi, yeye ametoka. Unabaki wewe peke yako."

Timazi akatazama daftari, akatazama miguu yake isiyo na viatu. Alikuwa na miaka ishirini na sita ya ufundi.

"Umepinda," akasema.

"Sikukusikia."

"Umepinda, afande! Sentimita saba. Upande wa mlango uko sawa, ukifika dirishani umeingia ndani. Kibarua alishika kamba vibaya, nikaja kuona tofali zimefika kiunoni, nikaona aibu kubomoa." Akajifuta uso kwa mkono. "Injinia alikuwa na haki yake. Mungu amrehemu."

"Ahsante," mkewe akasema, akamimina chai iliyobaki.

Mtu akishatapika aibu akili hurudi. Timazi akalivuta tena daftari, safari hii akausoma ukurasa ule ule kama fundi. "Ngoja kwanza. Hata ukuta ungekuwa haujapinda, namba hizi si za nyumba. Hizi ni za kompyuta. Mashine inachora ukuta uchi. Mimi nikishajenga naupaka lipu, sentimita mbili huku, mbili kule. Jiko la tatu na sitini, ukiingia na tepu unapata tatu na hamsini na sita. Na chumba kilichojengwa na mikono ya binadamu, kuta mbili zinazotazamana hazitoi namba moja. Hazitoi! Aliyeandika hivi hakukanyaga jikoni kwangu."

Inspekta alikuwa ameshafika mlangoni.

Jua lilikuwa bado linaingia walipofungua ile nyumba. Sajini akashika kichwa cha tepu, Inspekta akavuta. Karibu na mlango, tatu na hamsini na sita. Karibu na dirisha, tatu na arobaini na tisa. Ule urefu, nne na kumi na sita upande mmoja, nne na kumi na tano upande wa pili. Hakuna namba hata moja iliyofanana na ya daftari.

"Soma ukurasa wa pili," Inspekta akasema.

"Dirisha kubwa, mita moja na nusu. Lipo. Mlango wa nyuma, sentimita tisini. Upo." Sajini akazunguka, akazunguka tena. "Dirisha la pili, kando ya sinki, upana mita moja, kutoka sakafuni sentimita sitini. Hili silioni, afande."

Kando ya sinki kulikuwa na ukuta. Inspekta akainama, akapitisha kiganja. Kulikuwa na kiraka cha lipu mpya, nyeusi kuliko nyingine, bado kina ubaridi. Upana wake, mita moja.

Sajini akampigia simu mwenye nyumba.

"Ndiyo, nililiziba wiki iliyopita," mwenye nyumba akasema. "Dirisha gani hilo la kuchungulia magoti ya watu? Nilimwambia Injinia tulipoanza, akasema ramani ni nzuri hivyo hivyo. Nikamwambia fundi tia tofali."

Kesho yake, saa mbili kasoro asubuhi, Binti Mapazia alikaa mbele ya Inspekta. Daftari lilikuwa mezani. Sajini alikuwa na karatasi za maelezo.

"Ulipima kwa tepu?"

"Ndiyo."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ulipata tatu na sitini mlangoni. Na dirishani?"

"Tatu na sitini."

"Sisi tumepata tatu na arobaini na tisa."

"Labda nilikosea. Nilikuwa na haraka."

"Saa mbili nzima?"

Akavuta kanga mabegani.

"Na hili dirisha la kando ya sinki? Ulilipimaje?"

"Kama mengine. Upana, halafu kutoka sakafuni."

"Ulisimama mbele yake?"

"Nilisimama."

"Uliona nini nje?"

Binti Mapazia akafunga macho, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalainika. "Barabara. Na watu wanapita."

"Binti yangu," Inspekta akasema, "dirisha hilo halipo. Limezibwa kwa tofali wiki iliyopita."

Hakuna aliyetegemea kilichofuata. Inspekta alidhani atakana, Sajini alidhani atakimbia. Mwanamke yule alisimama nusu, akashika meza kwa mikono miwili.

"Wameliziba?"

"Wameliziba."

"La mama?" Sauti ilikuwa ya mtoto mdogo. "Wameziba dirisha la mama?"

Akakaa. Akalia, si kile kilio cha jana cha kuonyesha watu. Inspekta akamwacha. Saa ya ukutani ilisema mbili na dakika ishirini, na bado hakumharakisha.

"Nilimpiga mimi," akasema mwishowe. "Fundi hana kosa."

"Alama zako hazipo."

"Nilikuwa nimeshika kipande cha kitambaa cha pazia. Nilishika pima maji nacho. Sikupanga, shangazi. Lilikuwa mezani."

Lile neno lilimtoka tu, na Inspekta hakulikataa. Akageuka. "Sajini, kamwambie mkuu aweke hati yake chini. Na fundi apewe viatu vyake." Sajini alikwenda mbio, akarudi mbio, akashika kalamu.

"Sasa niambie yote."

"Watu wananiita Binti Mapazia. Miaka minane nyumba zote za ofisi ile nimezichora mimi. Injinia anaweka jina. Sikujali, ilikuwa kazi. Lakini moja ilikuwa yangu. Nilikuwa naichora nikimaliza za watu. Mama yangu alikuwa anatumia kiti cha magurudumu, na chumba tulichopanga, mlango ulikuwa mwembamba, kiti hakipiti. Miaka mitatu alikaa ndani anasikiliza sauti za nje. Nikamchorea nyumba kwenye kompyuta. Milango mipana. Sinki la chini. Na dirisha la jikoni la kimo chake, aoshe vyombo akiwa amekaa huku anaona watu wanapita. Jioni namwonyesha kwenye simu, naizungusha, ananiambia badilisha rangi hii, sogeza kabati hili. Alikuwa mkali! Kabati moja tulilihamisha mara tisa."

"Yuko wapi?"

"Alifariki. Mwaka jana. Nachukua likizo ya msiba siku nne, narudi, naambiwa mteja kachagua nyumba. Ni ile. Injinia kaitoa kwenye faili zangu, kabadilisha rangi ya paa, kaiuza."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Akasema nyumba ya kwenye kompyuta si ya mtu, ni mistari. Nikarudi kwenye kazi. Ikaanza kujengwa. Wateja wengine wote nilikwenda kuwapimia, ile sikwenda. Nilikuwa nazunguka njia nyingine nisiione. Jana asubuhi akaniambia, nenda kapime jiko. Nikasema siwezi. Akaifungua kwenye kompyuta, akaizungusha, akacheka. Akasema, 'Nenda tu usiogope, mama yako hayuko huko kukufungulia mlango.' Halafu akanigeuzia kisogo."

"Na daftari?" Inspekta akauliza.

"Baadaye nikakaa kando yake, nikanakili namba zile kutoka kwenye kioo cha kompyuta. Zote ninazijua kwa moyo, lakini saa ile hata moja haikunijia."

"Kufika pale ni robo saa," Inspekta akasema. "Ungekwenda ukapima kweli, ukarudi na daftari la kweli. Nisingekupata. Kwa nini hukwenda?"

Binti Mapazia akamtazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Ningeingiaje, shangazi? Mama hajaingia."