Sauti ya Pili Kwenye Albamu ya Reuben

Wimbo wa tatu ulikuwa na mtu wa ziada. Rispah alikuwa akipiga pasi kanzu za bosi huko Al-Hamra, Jeddah, spika ndogo zikiwa masikioni, akisikiliza albamu mpya ya kaka yake, na chini ya besi, nyuma ya Reuben, mwanamume mwingine aliimba. Alidhani ni mwangwi. Akarudisha nyuma akasikiliza tena. Mwangwi gani huo unaomtangulia mwenye sauti?

Kabla ya kwenda Riyadh kuwa dereva, Reuben alikuwa akitengeneza muziki wa kompyuta, na Kakamega ilimjua. Kisha mkataba wa udereva ukamfunga mdomo, miaka ikapita, mashabiki wakamsahau. Sasa, mwaka 2017, alikuwa ameurudia muziki hukohuko Riyadh, na tuseme ukweli, alirudi na moto: ngoma za isukuti zimekatwa vipande na kushonwa upya kwa mitambo, mlio wa kiyoyozi umegeuzwa filimbi. Rispah alilia juu ya kanzu za watu. Albamu alikuwa ametumiwa yeye peke yake; dunia ingeipata Ijumaa.

"Reu, huyo anayeimba nyuma yako ni nani?" alimuuliza kwa simu.

"Wa nyuma gani? Niko solo, sis." Sauti yake ilikwaruza.

"Ulirekodia wapi?"

"Bafuni. Chumbani mwenzangu Duncan anakoroma kama trekta. Na bafuni kuna eko tamu, wacha tu. Nimeimba huko mwezi mzima."

Mama mzazi wa madam, ambaye wote walimwita Mama Kabira, aliposimuliwa alishika kifua.

"Hammam mafi kalam!" alinong'ona kwa Kiarabu. Bafuni hata kuongea haifai, sembuse kuimba. Watu wa nyumba ile waliingia huko kwa dua, wakafunga midomo mlangoni. Reuben, mtoto wa kwaya, angejulia wapi? "Amemkaribisha jini mwenyewe. Huyo atamnyang'anya sauti yote. Afute kila kitu, kila mahali. Halas."

Haya, mwambie sasa Reuben!

"Mimi ni wa kanisa, Rispah. Majini ni mambo ya watu wa Mombasa."

"Sauti yako inaisha, husikii?"

"Ni AC."

"Futa, nakuomba."

"Miaka yote hii niko kimya, napeleka watoto wa watu shule, leo nimepata kitu changu, unaniambia nifute?" Akakata simu.

Rispah alitamani kumzaba kofi, lakini Riyadh ilikuwa mbali na pasipoti yake ilikuwa kabatini kwa kafili, bosi aliyemdhamini. Akarudia kusikiliza, ati anahakikisha, na kila aliporudia, mvuke wa pasi ulinuka maji ya bomba la choo, na ile sauti ya pili ilipanda kidogo huku ya Reuben ikishuka kidogo, hadi akawa anaegemea ukuta, pasi imesahaulika mkononi, akimtafuta kaka yake chini ya ngoma kama mtu anayepapasa gizani na kushika mkono asioujua.

Alhamisi Reuben alipiga, ikasikika pumzi tu. Kisha ukaja ujumbe: "Sis siwezi kuongea. Nimejaribu hata kusema jina langu."

"FUTA," aliandika Rispah.

Jibu lilichelewa mno. "Sawa."

Siku iliyofuata alipiga tena, sauti ni yake mwenyewe, imechoka, inalia. "Nimefuta laptop, simu, kila kitu. Nimebaki bure, Rispah. Na yako umefuta?"

"Nimefuta."

Alimdanganya. Kazi nzuri namna ile, imebaki moja tu duniani, nani angeifuta? Si kaka yake amepona?

Jumamosi mchana, akiosha vyombo, aliiweka masikioni. Reuben hakuwemo tena. Yule mwingine alikuwa peke yake, safi, karibu sana, na Rispah aliona aibu jinsi alivyompenda.

Madam alisimama mlangoni, uso umemsawijika.

"Rispah! Ni nani huyu mwanamume jikoni kwangu?"

Rispah alizichomoa spika haraka, amweleze kwamba ni simu tu. Wimbo ukaendelea. Ulikuwa ukitoka kinywani mwake mwenyewe.